Nilichokiona Chini ya Bembea

Mtu akirudi kutoka Marekani watu hutegemea kusikia habari za maghorofa, ndege na baridi. Mimi nilirudi Iringa mwezi Oktoba mwaka 2024 na habari ya mchanga. Mume wangu alicheka sana. Alisema nimevuka bahari kwenda kutazama kitu kinachojaa tele kwenye Ruaha Mdogo.

Naomba nieleze kwa utaratibu, maana jambo lenyewe halikuanzia ng'ambo. Lilianzia hapa kwetu, kwenye sakafu ya zege ambayo mimi mwenyewe niliunga mkono imwagwe.

Miaka michache kabla ya safari hiyo, akina mama wa usharika wetu tulichanga fedha kwa ajili ya shule ya chekechea iliyo kwenye kiwanja cha kanisa. Tuliuza maandazi, tukauza vitenge, tukapitisha bahasha. Fundi wa kuchomelea vyuma akatutengenezea bembea mbili, bati la kuteleza na ile ngazi ya juu ambayo watoto huning'inia na kusogea kwa mikono. Kazi ilikuwa nzuri, na rangi zilipendeza. Mvua zilipoanza watoto wakawa wanarudi nyumbani na matope hadi magotini, na wazazi wakanung'unika. Ilikuwapo mifuko ya saruji iliyobaki kwenye ujenzi mwingine. Katika kikao cha kamati mwenzetu mmoja akashauri tumwage zege chini ya vyombo vile ili pawe safi. Wote tuliona ni wazo la busara. Nami nilinyoosha mkono, mimi muuguzi mwenye diploma, ambaye kazi yangu ya kila siku ni wodi ya watoto. Zege likamwagwa, likasuguliwa likawa laini kama sebule, na siku ya kufungua tulipiga picha tukiwa tumesimama juu yake.

Kabla mwaka haujaisha, mtoto wa kiume wa miaka 6 aliponyoka kwenye ile ngazi ya kuning'inia. Alijikinga kwa mkono ulionyooka, kama afanyavyo kila mtoto anayeanguka, na mfupa ukavunjika juu kidogo ya kiwiko. Mvunjiko wa namna hiyo ni wa kawaida sana kwa watoto wa umri wake, na sisi wauguzi tunauogopa, kwa sababu mshipa mkubwa wa damu unaopeleka damu mkononi unapita mbele ya mfupa huo huo. Mtoto akiletwa, jambo la kwanza ni kushika kifundo cha mkono na kutafuta mapigo, kisha kugusa vidole kuona kama vina joto au vimekuwa baridi. Mtoto huyu hakuletwa siku ile. Bibi yake alimpeleka kwa mzee anayeunga mifupa, akafungwa vijiti na kitambaa, akakazwa sana. Siku ya tatu alipofika kwetu vidole vilikuwa vya baridi na hakuweza kuvikunjua. Daktari alifanya alivyoweza. Mkono ulipona kwa maana ya kwamba haukukatwa, lakini vidole vimejikunja kama makucha ya ndege, na mpaka leo anaandika kwa mkono wa kushoto.

Mama yake aliniambia kwenye korido ya wodi, "Sista, ni bahati mbaya tu." Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa najua nani walinyoosha mikono kwenye kikao.

MIJI MIWILI, MTO MMOJA

Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina undugu wa miaka mingi na Walutheri wa eneo la Saint Paul, katika jimbo la Minnesota. Undugu huo unaitwa Bega kwa Bega, na hata Wamarekani wenyewe hulitaja jina hilo kwa Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya kuchekesha. Ndio ulionipeleka huko Septemba 2024, nikiwa mmoja wa wageni. Nilifikia kwa mama mjane, mwalimu mstaafu aliyevuka miaka 70, anayeendesha gari mwenyewe na kufyeka majani ya uani mwenyewe. Jioni ya kwanza alinionyesha chumba changu, akanionyesha swichi ya kupasha nyumba joto, kisha akaniuliza ninapenda kuona nini. Wenzangu walikuwa wamesema wanataka kuona maduka makubwa. Mimi nilisema ningependa kuona mahali wanapocheza watoto. Nadhani alifikiri ninaona haya kutaja maduka.

Saint Paul na Minneapolis ni miji inayokaribiana hata watu huiita Miji Pacha, na mto Mississippi unapita katikati. Septemba ni mwezi mzuri. Majani ya miti yameanza kugeuka manjano na mekundu, na watu wanakaa nje kadiri wawezavyo, maana wanajua kinachokuja. Wakati wa baridi ardhi ya huko huganda ikawa ngumu kama jiwe, na maziwa yanashika barafu nene kiasi kwamba watu hupita juu yake na magari. Kwetu Iringa tunajisifia baridi ya Juni na Julai, nilinyamaza.

Binti wa mwenyeji wangu anaishi kusini mwa Minneapolis na ana watoto wawili, wa miaka 8 na 5. Kila alasiri baada ya shule bibi huvuka mto kwenda kuwapeleka kwenye uwanja wa michezo wa mtaa, kwa hiyo nami nikawa navuka naye. Uwanja wenyewe si mahali pa watalii, wala haumo kwenye kadi za posta. Ni kipande cha bustani katikati ya nyumba za watu wa kawaida, chenye bembea, mabati ya kuteleza, vyombo vya kupanda, mabenchi ya akina mama na mti mmoja mkubwa wa kivuli.

Wale watoto walikimbilia bembea. Mimi nilichuchumaa nikashika chini.

Chini ya bembea palikuwa na sakafu laini ya mpira, iliyomwagwa kama sisi tunavyomwaga zege. Nilipobonyeza kwa kidole gumba ilinepa kidogo. Baadaye nilielezwa kwamba sakafu hiyo ina tabaka mbili: la chini ni punje za matairi chakavu zilizogandishwa kwa gundi, na la juu ni mpira wenye rangi. Chini ya vyombo vya kupanda hapakuwa na mpira, bali vibanzi vya mbao vilivyojaa hadi kwenye vifundo vya miguu, na kuzunguka yote ukingo wa kuzuia visitawanyike. Kote nilikotazama sikuona mahali ambapo mtoto angeweza kuanguka kutoka juu akafikia kitu kigumu. Nilikaa pale chini muda mrefu hata mwenyeji wangu akaniuliza kama ninaumwa.

Nikiwa bado nimechuchumaa, sauti ya kike nyuma yangu ilisema, "Dada, umepoteza kitu?" Nilishtuka, maana ilisemwa kwa Kiswahili. Alikuwa mama Msomali, amejitanda vizuri, anasukuma mtoto kwenye kigari. Aliona kitenge changu akabahatisha. Alikulia Nairobi kabla ya kuhamia huko, na Minneapolis ni moja ya miji yenye Wasomali wengi kuliko yote Marekani. Tulikaa kwenye benchi kama watu waliojuana tangu shule ya msingi. Yeye ndiye aliyenipa habari za uwanja ule, nami nyingine niliziuliza na kuzithibitisha baadaye.

Bustani za Minneapolis hazisimamiwi na halmashauri ya jiji. Tangu mwaka 1883 kuna bodi yake ya pekee yenye makamishna 9, nao huchaguliwa na wananchi kwa kura, 6 kutoka katika kanda za jiji na 3 na jiji zima. Bodi ina fungu lake katika kodi ya majengo. Hata hivyo fedha hazikutosha. Viwanja vingi vya mitaani vilikuwa vimechakaa pamoja, kwa sababu vilijengwa karibu wakati mmoja, na kila mwaka vilikarabatiwa vichache kuliko vilivyoharibika. Mwaka 2016 bodi na halmashauri ya jiji zilikubaliana kwa sheria kwamba kwa miaka 20 zitatengwa dola milioni 11 zaidi kila mwaka, na kiasi hicho kipande kadiri bei zinavyopanda, kwa ajili ya kutunza, kukarabati na kujenga upya bustani za mitaa.

Jambo lililonigusa zaidi ni namna ya kuamua nani aanze. Kwa kawaida, kwao na kwetu, anayeanza ni anayejua kupiga kelele. Mtaa wenye wanasheria na watu wenye muda wa kuandika barua hupata bembea mpya mara mbili kabla mtaa wa wafanyakazi wa usiku haujapata moja. Safari hii bodi iliandika vigezo na kuvipa alama: kuna umaskini kiasi gani mtaani na je, wakazi wengi ni wa jamii zilizobaguliwa zamani, watu na watoto ni wengi kiasi gani, usalama ukoje, vyombo vina umri gani na viko katika hali gani, na miaka iliyopita bustani hiyo ilipata fedha kiasi gani ikilinganishwa na thamani yake. Alama zikijumlishwa, orodha inajipanga yenyewe. Yule mama alisema kabla ya ujenzi waliitwa mkutanoni, na karatasi ya tangazo ilikuwa na lugha ya Kisomali. Yeye aliomba benchi karibu na bembea za wadogo, kwa sababu hawezi kumwona mtoto akiwa ng'ambo ya uwanja. Akapiga benchi tuliyokalia kwa kiganja. "Ndiyo hii," akasema.

MTU WA REKI

Siku ya tatu nilimkuta mfanyakazi wa bustani, mzee wa makamo mwenye kofia, anavuta vibanzi kwa reki chini ya vyombo vya kupanda. Watoto wanaporuka kila siku mahali pale pale, vibanzi husogea pembeni na kuacha shimo, na shimo huwa mahali hasa wanapoangukia. Alikuwa na rula. Aliichomeka, akasoma, akaongeza kwa koleo, akasoma tena. Kwenye nguzo za vyombo kulikuwa na alama inayoonyesha kina kinachotakiwa. Nilimwambia mimi ni muuguzi kutoka Tanzania. Akaniambia, bila kuacha kuvuta, kwamba watu wote huja kwenye sherehe ya kukata utepe lakini hakuna aliyewahi kukata utepe kwa ajili ya reki.

Tume ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa ilitoa kitabu cha mwongozo wa viwanja vya watoto kwa mara ya kwanza mwaka 1981, na imekirekebisha mara kadhaa. Mwongozo huo unasema waziwazi kwamba zege na lami hazifai chini ya vyombo vya kupanda. Nilipofika hapo nilijua nimehukumiwa, nikaendelea kusoma. Unasema pia kwamba nyasi na udongo uliokanyagwa havihesabiwi kuwa kinga, na hapo nilifikiria shule zetu karibu zote. Vibanzi vya mbao vyenye kina cha sentimeta 23 vinaweza kumkinga mtoto anayeanguka kutoka mita 3. Mchanga wa kina hicho hicho humkinga kutoka kama mita 1.2 tu. Kwa Marekani pekee watoto zaidi ya 200,000 hupelekwa vyumba vya dharura kila mwaka kwa ajali za viwanja vya michezo, na nyingi ni za kuanguka.

Kwa hesabu hiyo mchanga unaonekana duni. Lakini sisi wa wodini tuna sababu ya kuuliza swali la pili. Vipimo hivyo hufanywa kwa kuangusha kitu cha chuma chenye mfano wa kichwa na kupima kinavyosimama ghafla. Ni sawa, maana kichwa ndicho kinachoua. Lakini watoto wengi tunaowapokea hawakuangukia kichwa. Wameangukia mkono. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika shule za Toronto. Kwa kupiga kura, shule nyingine ziliwekewa mchanga na nyingine vibanzi vya mbao, kisha wakahesabu mikono iliyovunjika kwa watoto walioanguka. Kwenye vibanzi mikono ilivunjika karibu mara 5 zaidi kuliko kwenye mchanga. Mchanga unateleza, mkono unapotua unazama na kusogea mbele, haugandi mahali pamoja huku uzito wa mwili ukija juu yake. Niliposoma habari hiyo nilikuwa kitandani kwenye nyumba ya watu, saa 8 za usiku, nikaamka nikawasha taa.

Na urefu wa chombo una neno lake. Utafiti wa New Zealand wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba mtoto anayeanguka kutoka zaidi ya mita 1.5 yumo katika hatari ya kuumia mara 4 kuliko anayeanguka kutoka chini ya hapo. Ngazi yetu ya Iringa, nikikumbuka, nilikuwa naishika kwa kunyoosha mkono wangu wote.

Kwa nini basi Wamarekani hawaweki mchanga kila mahali? Jibu nililiona kwa macho siku ya nne. Alikuja msichana kwenye kiti cha magurudumu. Hakubebwa na mtu. Alipita kwenye mpira, akapanda njia ya mteremko hadi kwenye jukwaa, akawa anageuza gurudumu la kuchezea pamoja na wenzake. Kwenye mchanga magurudumu yangezama. Sheria yao ya haki za watu wenye ulemavu inataka mtoto wa namna hiyo aweze kufika. Nilikumbuka watoto wangu wa mgongo wazi ambao mama zao huwaleta kliniki mgongoni hata wanapofikisha miaka 9, na sikuwahi kujiuliza hata mara moja wanacheza wapi.

Lakini sitaki kusifia mpira kupita kiasi. Jua la saa 7 mchana likiupiga, unaunguza nyayo za mtoto mdogo. Mwongozo wenyewe unaonya. Hukauka, hupasuka pembeni kwa kuganda na kuyeyuka, na kuuziba kunahitaji fundi wake na fedha zake. Nilimfikiria mwalimu mkuu wa kwetu akiambiwa sakafu ya matairi imepasuka na mtu wa kuiziba yuko Dar es Salaam.

RISITI YA MWENYEJI WANGU

Upande wa Saint Paul mambo yalikwenda njia nyingine. Tarehe 7 Novemba 2023 wananchi walipiga kura kukubali kuongeza asilimia 1 kwenye kodi ya mauzo mjini mwao kwa miaka 20. Makadirio ni karibu dola bilioni 1. Robo tatu kwa barabara na robo moja, yaani dola milioni 246, kwa bustani na viwanja vilivyochakaa. Kodi ilianza kukatwa Aprili 2024. Mwenyeji wangu aliponunua ndoo ya plastiki na taulo za karatasi alinionyesha risiti: kodi zote kwa pamoja asilimia 9.875. Upande wa pili wa mto, asilimia 9.025.

"Ulipiga kura ya ndiyo?" nikamuuliza, nikidhani najua jibu, kwa jinsi anavyopenda wajukuu na viwanja.

Akasema alipiga ya hapana. Nilishangaa. Akaeleza kwamba chakula na nguo havikatwi kodi hiyo, ni kweli, lakini vitu vingine vyote mjane na tajiri wanakatwa sawasawa. Tena akasema jiji lilikuwa na wajibu wa kutunza viwanja miaka yote, likaacha viharibike, kisha likaja kuomba fedha mpya kwa kazi ya zamani. "Lakini nilishindwa," akasema, "na sasa ni fedha yangu." Ana faili. Amekata matangazo ya jiji yanayotaja bustani zitakazokarabatiwa, na huenda mwenyewe kutazama kama kazi imeanza. Nadhani jiji lingefaidika na wapiga kura wa hapana kama yeye kumi katika kila mtaa.

Siku chache kabla hatujaondoka, wenyeji wetu kanisani waliuliza wangeweza kutusaidia nini. Kwenye katalogi yao kulikuwa na bati la kuteleza la plastiki, la rangi ya chungwa, linapinda kama nyoka. Wenzangu macho yaliwatoka. Mimi nikasema hapana, asanteni, tutaomba kitu kingine. Kwenye gari walininunia. Mmoja akasema, "Mama, umekataa zawadi mbele ya watu." Ni kweli, na sikuwa na uhakika kama nimefanya adabu.

HAKUNA KIFUNGU

Nyumbani niliomba nafasi kwenye kikao cha kamati ya akina mama. Nilieleza yote niliyoyaeleza hapa, na nikasema kwanza kabisa kwamba mtoto yule aliangukia zege letu. Palikuwa kimya. Kisha mwenyekiti wetu, mama mtu mzima ninayemheshimu, akasema, "Sasa tufanye nini, tubomoe?" Nikasema ndiyo.

Akina baba walikuja Jumamosi mbili na nyundo kubwa. Zege tulilolimwaga kwa asubuhi moja lilichukua siku mbili kuvunjika. Fundi alikata nguzo za ngazi ili ibaki chini ya mita 1.5 kutoka kwenye mchanga, akapunguza na bati la kuteleza. Tulichimba, tukaweka matairi ya zamani pembeni yawe ukingo, tukajaza mchanga wa mtoni uliochekechwa, sentimeta 30. Tulihofia paka, na kweli paka walikuja. Walimu huufunika kwa turubai jioni. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu bado hatujapata njia. Tumezungumza habari ya njia ya udongo ulioshindiliwa kufika kwenye bembea moja, ila haijatengenezwa.

Hiyo ilikuwa chekechea moja yenye akina mama wa kuuza maandazi. Lakini mita kama 400 kutoka pale kuna shule ya msingi ya serikali, na darasa lake la awali lina bembea juu ya udongo uliokanyagwa ukawa kama tofali. Watoto wale ni wengi kuliko wetu, na hawana kamati. Fedha ya uendeshaji iliyopangwa tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo mwalimu mkuu atoe karatasi, mitihani na ukarabati mdogo. Siwezi kumlaumu kwa kutonunua mchanga.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata mwenyekiti mpya wa mtaa aliitisha mkutano wa kupokea mapendekezo ya mpango. Watu walitaja barabara, maji, matundu ya vyoo, madawati. Nilinyoosha mkono, na nakiri uliniwia mzito. Nilisema naomba mchanga chini ya bembea za shule, na mtu wa kuusawazisha kila wiki, iwe ni gharama ya halmashauri kutoka mapato ya ndani. Baadhi walicheka. Mtendaji, kijana mwenye heshima zake, akasema, "Shikamoo mama. Tatizo ni kwamba hakuna kifungu cha mchanga." Nikamwuliza kama kuna kifungu cha ukarabati wa shule. Akasema kipo. Nikamwomba aandike humo.

Mzee mmoja akasimama akasema madawati kwanza, mtoto hawezi kukaa chini ili wenzake wacheze. Sikupingana naye; shule hiyo ina upungufu wa madawati na mimi nimeuona. Kisha, kutoka nyuma, akasimama mwanamke ambaye sikujua yumo mkutanoni. Hakuhutubia. Alisema mwanawe anasoma darasa la tano, akataja shule, akasema anaandika kwa mkono wa kushoto, na akaeleza kwa nini. Akaketi.

Mtendaji aliandika. Pendekezo lilipelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata, nalo limo kwenye mpango wa kata, chini ya ukarabati. Fedha bado haijatengwa. Nimefungua faili, nimeweka humo nakala ya muhtasari wa mkutano, na kila ninapompeleka mama mjamzito kliniki ya upande ule hupitia ofisini kwa mtendaji kuuliza.

Kwenye chekechea yetu nimechora mstari mwekundu kwenye kila nguzo. Nimemwambia mwalimu mchanga ukishuka chini ya mstari anipigie simu, hata kama niko zamu ya usiku. Amekwisha kunipigia mara mbili.